Uhaba wa Chipu Ni wa Kweli, Lakini Usitume Dipositi kwa Hofu

Ukiulizia laptopu siku hizi, iwe ni Luthuli Avenue, Moi Avenue ama kwa yule muuzaji wa Facebook, jibu linakuja na mambo mawili: bei imepanda, na stoki inaisha. La kwanza ni kweli. La pili ni kweli nusu. Shida ni kwamba muuzaji mwaminifu na tapeli wote wanatumia sentensi ile ile, na anayelipia tofauti kati yao ni wewe.

Maoni yangu ni haya: mteja wa kawaida wa Kenya atapoteza pesa nyingi zaidi kwa haraka ya kununua kuliko atakayopoteza kwa bei kupanda. Hebu tuangalie kwa nini nasema hivyo, hatua kwa hatua.

Uhaba unatoka wapi?

Ndani ya kompyuta kuna vitu viwili vinavyoamua kama itakusaidia ama itakuchelewesha. Kuna prosesa, ambayo ndiyo inafanya hesabu zote. Halafu kuna memori, ile tunaita RAM, ambapo kazi unayoifanya sasa hivi inakaa. Vyote viwili vinatengenezwa juu ya visahani vyembamba vya silikoni vyenye upana wa milimita 300.

Watu wengi hawajui kwamba kampuni nyingi kubwa za prosesa hazina kiwanda cha chipu. AMD, Apple, Nvidia na Qualcomm wanachora tu ramani, kisha kazi ya kutengeneza wanaipeleka nje, sana sana kwa TSMC ya Taiwan. Ni kama wabunifu wa nguo kumi wanaotegemea fundi mmoja mwenye cherehani nzuri. Siku wote wakileta kitambaa pamoja, kuna watakaongoja. Intel ana viwanda vyake, lakini hata yeye hupeleka baadhi ya kazi kwa TSMC.

Na huyo fundi hawezi kuongeza cherehani wiki ijayo. Kiwanda kipya cha chipu za kisasa kinagharimu mabilioni ya dola na kukijenga ni kazi ya miaka. Mashine za mwanga maalum zinazochapa prosesa za kisasa kabisa zinatengenezwa na kampuni moja pekee duniani, ASML ya Uholanzi. Ndiyo maana mahitaji yakiruka ghafla, bei inaruka nayo.

Tuliona hivyo kuanzia mwaka 2020. Korona ilipofunga ofisi na shule, dunia nzima ilitaka laptopu wakati mmoja. Machi 2021 kiwanda cha Renesas kule Japani kikashika moto, na kampuni za magari ambazo tayari zilikuwa zinakosa chipu zikaumia zaidi.

Uhaba wa sasa ni tofauti kidogo. Wanaonunua kwa wingi ni wenye vituo vikubwa vya data vya akili bandia. Mashine zao zinahitaji memori ya aina maalum, na wanalipa vizuri. Sehemu kubwa ya memori ya dunia inatoka kwa kampuni tatu tu: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Zikielekeza nguvu kwa mteja tajiri, memori ya laptopu na simu zetu inabaki kidogo. Desemba 2025 Micron ilitangaza kwamba inaacha biashara ya Crucial, jina ambalo limeuzia watu wa kawaida RAM na SSD kwa miaka mingi.

Kwa hivyo muuzaji akikwambia bei ya RAM imepanda, si lazima awe anakudanganya. Swali ni kama unachonunua kina thamani ya hiyo bei.

Stika ya i7 sio cheti

Nimesomea masoko chuoni, na nakuhakikishia kwamba jina la prosesa limeundwa ili likuvutie kabla hujauliza swali. Hata ndani ya kiwanda, chipu zilizotoka kwenye ramani moja hupimwa baada ya kutengenezwa. Zilizo imara zaidi zinapewa jina la bei ya juu. Zenye sehemu iliyo dhaifu huzimwa sehemu hiyo na kuuzwa kwa jina la chini. Mwaka 2008 AMD iliuza prosesa za Phenom X3 zenye viini vitatu, ambazo zilichorwa zikiwa na vinne. Hakuna ubaya hapo. Ni njia ya kutotupa mali.

Ubaya unaanza pale jina linapoficha umri. Chukua laptopu mbili za ex-UK. Moja ina Core i7-3520M, nyingine ina Core i5-8250U. Kwenye tangazo la WhatsApp, ya kwanza itaandikwa "Core i7" kwa herufi kubwa na utaombwa pesa ya i7. Lakini hiyo i7 ni ya kizazi cha tatu, ilitoka 2012, na ina viini viwili. Ile i5 ni ya kizazi cha nane, ilitoka 2017, na ina viini vinne. Kwa kazi za saiba, masomo ama vitabu vya biashara, i5 hiyo itaiacha i7 mbali.

Kusoma ni rahisi: kwa majina ya aina hii, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi. 3520 ni cha tatu, 6300 ni cha sita, 8250 ni cha nane. Zikianza na 10 ama 11, tarakimu mbili za kwanza ndizo kizazi: 1135G7, kwa mfano, ni cha kumi na moja. Muuzaji akikataa kukupa namba kamili, tayari amekujibu.

Kwa nini kizazi kinagusa pesa zako

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuipa Windows 10 marekebisho ya kawaida ya usalama, isipokuwa kwa wanaojiandikisha kwa muda wa ziada. Windows 11 nayo inataka, kwa kawaida, prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, pamoja na kijichipu cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Kampuni nyingi za nje zinapobadilisha mashine zao, zile za kizazi cha sita na saba zinatafuta mnunuzi, na mmoja wa wanunuzi hao ni sisi.

Sasa fikiria unaitumia mashine kama hiyo kuingia eCitizen, KRA, benki, ama kwenye tovuti ya malipo ya biashara yako. Kila mwezi tundu jipya la usalama linajulikana, na yako haizibwi. Sisi tunaohudumia malipo tunaweza kulinda upande wetu. Kompyuta yako hatuwezi kukulindia.

Kama tayari unayo ya zamani, usiitupe. Linux kama Ubuntu ni ya bure, inapata marekebisho, na inatosha kuandika kazi za shule na kutumia intaneti. Lakini kama unanunua leo, usilipe bei ya uhaba kwa mashine ambayo mtengenezaji wa programu ameshaiaga.

Hesabu ya kulipa mdogo mdogo

Hapa ndipo hofu inapouma. Tuseme laptopu ni shilingi 32,000 pesa taslimu. Unapewa njia nyingine: dipositi 6,000, kisha 120 kila siku kwa siku 365. Mia na ishirini haionekani kitu. Lakini 120 mara 365 ni 43,800. Ongeza dipositi, jumla ni 49,800. Umelipa 17,800 zaidi, ambayo ni zaidi ya nusu ya bei yenyewe.

Utaniambia, "Lakini nikingoja bei itapanda." Sawa, tukubali. Tuseme ipande kwa asilimia 20, ifike 38,400. Ukiwa na zile 6,000 zako, na uweke akiba ile ile ya 120 kwa siku, utafika ndani ya siku 270. Utakuwa umemaliza siku 95 mapema, na bado umeokoa 11,400. Bei ipande kwa robo, ifike 40,000, bado uko mbele.

Hiyo haimaanishi kila mtu angoje. Kama mashine itakuingizia pesa, hesabu inabadilika. Mwenye saiba ambaye kompyuta imekufa wakati wa maombi ya vyuo anapoteza wateja kila siku. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho mwenye mradi wa kuwasilisha hana miezi tisa. Kwa hao, ile 17,800 ni gharama ya kupata mashine leo, na inaweza kuwa ya haki kabisa. Jiulize tu swali moja: katika siku hizo 270, mashine hii itaniletea ama kuniokolea zaidi ya 17,800? Kama jibu ni ndiyo, nunua bila kuogopa maoni yangu. Kama jibu ni "sijui", ngoja.

Pia kuna njia ya katikati. Laptopu nyingi zinaongezeka memori. Ukiwa dukani, bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, fungua sehemu ya utendaji, kisha memori. Utaona nafasi za RAM ni ngapi na zilizotumika ni ngapi. Yenye nafasi moja wazi unaweza kuinunua na 8GB sasa, uongeze nyingine bei ikishuka. Na kama tatizo la mashine yako ya sasa ni diski ya zamani inayozunguka, SSD pekee inaweza kukupa mwaka mwingine. Muulize fundi kabla ya kumuuliza muuzaji.

"Tuma kidogo nikuwekee"

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wakati wa uhaba, tapeli hahitaji bidhaa. Anahitaji picha nzuri, bei iliyo chini kidogo ya ya soko, na mtu anayeogopa kukosa. "Zimebaki mbili, kuna mteja yuko njiani, tuma elfu tatu nikuwekee." Ukituma, kwanza anaomba nauli ya kutuma mzigo, halafu namba inazimwa.

Masharti yangu ni machache na hayana msamaha:

Usitume dipositi kwa mtu hujaiona mashine yake ikiwaka. Kama uko Kitale na mashine iko Nairobi, tafuta jamaa aende dukani aiwashe, ama lipa ukishaipokea na kuijaribu.

Lipa kwa till ama paybill ya biashara, na usome jina linalotokea kabla malipo hayajakamilika. Jina la duka likiwa moja na jina la till likiwa la mtu usiyemjua, simama hapo. Akisisitiza utume kwa namba yake binafsi "kuepuka makato", jiulize ni nani atakayekusaidia kesho.

Dai risiti yenye modeli, namba kamili ya prosesa, ukubwa wa RAM na muda wa waranti. Ujumbe wa malipo unathibitisha kwamba ulilipa. Hauthibitishi ulilipia nini.

Ukigundua umetapeliwa, piga simu kwa huduma kwa wateja dakika hiyo hiyo, kisha uripoti polisi ukiwa na ujumbe wa malipo. Pesa ikishatolewa kwa ajenti, kwenye akaunti ya mpokeaji hakuna kitu cha kurudisha. Dakika kumi za aibu zinaweza kukugharimu yote.

Viwanda vya Taiwan na Korea havitaharakishwa na mimi wala wewe. Bei itapanda, na kama ilivyokuwa baada ya uhaba uliopita, kuna siku itatulia. Kitu kilicho mikononi mwako ni kile kitufe cha kutuma. Kabla hujakibonyeza, hakikisha unazo namba tatu: namba kamili ya prosesa, jumla ya utakayolipa hadi mwisho, na namba ya till yenye jina la duka. Ikikosekana hata moja, rudisha simu mfukoni.