Nasaha za Nyumbani: Tia Mkono Ndani Kabla ya Kuitupa Kompyuta

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu Waislamu, mwezi huu twataka kusema juu ya chombo kilichoingia katika nyumba nyingi, nacho ni kompyuta. Kijana huitumia kwa masomo, na mama kwa hesabu za biashara yake. Baada ya miaka michache chombo huwa kizito, kikasimama kama punda aliyelemewa. Hapo kijana humwambia baba yake, "Baba, hii imekwisha, tununue nyingine." Na baba, kwa kutojua, hutoa fedha zilizowekwa kwa karo, au huingia katika deni. Dini yetu imetukataza israfu, na imetuamuru tuhakikishe jambo kabla ya kulitenda. Basi na tuhakikishe.

Yapasa kwanza kujua kwamba kompyuta ina mahali pawili pa kuweka mambo. Pa kwanza ni ghala, yaani diski, ambamo picha na barua hukaa hata umeme ukizimwa. Pa pili ni kumbukumbu ya kufanyia kazi, ambayo mafundi huiita RAM. Hiyo ni mfano wa meza ya fundi cherehani. Vitambaa vyote vimo kabatini, lakini kile anachokishona hukiweka mezani. Meza ikiwa ndogo, kila mara atainuka kurudisha hiki na kutwaa kile, na kazi itakawia. Wengi hufuta picha zao wakidhani meza itapanuka, kumbe wamepunguza mzigo wa kabati tu.

Kupima ni jambo jepesi. Katika kompyuta yenye Windows 10 au 11, fungua programu unazozitumia siku ya kazi, kisha bonyeza kwa pamoja vibonye vya Ctrl, Shift na Esc. Dirisha likifunguka, chagua palipoandikwa Performance, kisha Memory. Hapo utaona jumla ya kumbukumbu kwa gigabaiti, na kiasi kinachotumika. Ikiwa zaidi ya 7 zimetumika katika 8, dhiki ya kumbukumbu imethibiti. Lakini ikiwa nusu yake i tupu, usinunue kumbukumbu; tazama palipoandikwa Disk. Diski ikidumu kwenye asilimia 100, nayo ni ya namna ya zamani yenye sahani izungukayo, aghalabu dawa yake ni kuibadili kwa SSD.

Je, kumbukumbu yaweza kuongezwa? Katika ukurasa ule ule wa Memory, maneno "Slots used" huonyesha nafasi zilizojazwa: 1 katika 2 maana yake moja i wazi. Mbele ya "Form factor" ukiona "Row of chips", ni dalili kwamba vipande vimechomelewa katika ubao wala havitoki. Hata hivyo ziko kompyuta zenye sehemu iliyochomelewa pamoja na nafasi moja ya kuongezea. Kwa hiyo soma jina na namba ya kompyuta, ukatazame katika maelezo ya mtengenezaji kiwango cha juu inachokikubali. Tazama pia aina yake, kwani DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani, na vipande vya kompyuta ya mezani haviingii katika ile ya kupakata. MacBook Air, tangu ile ya kwanza ya mwaka 2008, kumbukumbu yake imechomelewa. Aliyenunua yenye 8 hataweza kesho kuifanya 16. Mwenye kununua chombo cha namna hiyo hana budi kupima haja yake siku ya kununua.

Na tusidanganyane: kuongeza kumbukumbu si dawa ya kila ugonjwa. Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na ziko kompyuta ambazo Windows 11 haizikubali kwa sababu ya prosesa yake, hata zikiwa na kumbukumbu tele. Mwenye nayo na aulize habari za Linux kabla ya kutoa fedha.

Neno la mwisho ni kwa wauzaji na mafundi. Mtume wetu (s.a.w.) alipita sokoni penye rundo la chakula, akatia mkono ndani, vidole vyake vikakuta majimaji. Mwenyewe akajitetea kwamba ni mvua, naye akamkemea kwa kuuficha unyevu chini ya kikavu. Basi anayeuza kompyuta iliyotumika, akajua kwamba haiongezeki kumbukumbu, akanyamaza huku mnunuzi akiitarajia, na ajipime kwa kisa hicho. Na mnunuzi naye atie mkono ndani: aiwashe, aifungue dirisha lile, asome kwa macho yake kabla ya kulipa.

Enyi vijana, jifunzeni haya, muwatazamie wazee wenu kompyuta zao. Huenda kipande kimoja kidogo kikaiokoa karo ya ndugu yenu.

Mwenyezi Mungu atujaalie uaminifu katika biashara zetu na baraka katika mali zetu. Amin.