Toti ya Mzee

Mwezi huu tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu tunalizunguka tu: kinywaji cha wazazi wetu. Na chetu pia, maana uzee haupigi hodi.

Chukulia wewe na mwenza wako mmepata likizo, mnakwenda kuwasalimia wazee Ifakara. Mmechepuka Mikumi, mmepita mashamba ya miwa ya Kidatu, mmepita Mang'ula chini ya milima ya Udzungwa, sasa mnanusa mchele mpya. Kwenye buti kuna vitenge vya mama na chupa kubwa ya Konyagi ya baba. Je, ni zawadi nzuri?

Kwanza tuseme ukweli: mzee ana haki ya starehe yake. Kama dini yake haimkatazi na miaka yote ametumikia kiwanda cha sukari au reli ya TAZARA mpaka akastaafu akiwa na miaka 60, toti moja ya jioni pale barazani si dhambi. Na pombe kali si mgeni bondeni. Miwa ileile inayotupa sukari ndiyo inayotoa molasi, na tangu 2013 kiwanda cha Kilombero kina mtambo wa kugeuza molasi hiyo kuwa spiriti.

Tatizo ni kwamba kinywaji hakijabadilika, ila mwili umebadilika. Umri ukisogea, misuli inapungua na maji mwilini yanapungua. Ini nalo halina kasi ya ujanani. Kwa hiyo kiasi kilekile alichokuwa akinywa akiwa na miaka 35 bila hata kuyumba, leo kinapanda haraka na kuchelewa kutoka. Halafu mnasema, "Siku hizi mzee analewa upesi." Jamani, si uzembe wake!

Tupige hesabu kidogo. Konyagi ina asilimia 35 ya kilevi. Toti moja ya mililita 30 ina kama gramu 8 za kilevi, wakati bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina kama gramu 20. Hapo toti inaonekana ndogo. Lakini nani anapima? Ukimimina kwa macho, mililita 250 zinaisha mkiwa mnapiga stori za mafuriko, na hizo ni sawa na bia tatu na nusu. Kosa la pombe kali ni hilo: inaingia kwenye glasi ndogo.

Kuna suala la dawa pia. Wazee wengi wana presha, sukari au maumivu ya viungo. Pombe inaweza kuzidisha nguvu za baadhi ya dawa za presha, akisimama ghafla anaona kizunguzungu. Kwa mwenye sukari anayetumia dawa kama glibenklamidi, pombe kwenye tumbo tupu inaweza kuishusha sukari hadi akazimia. Diklofenaki na pombe, hatari ya vidonda vya tumbo na kutoka damu inaongezeka. Dawa za usingizi ndiyo usiguse kabisa. Ongeza joto la bonde linalokausha maji mwilini, ongeza na baiskeli, maana Ifakara ni mji wa baiskeli. Kuanguka ukiwa na miaka 25 ni kicheko. Ukiwa na miaka 70, nyonga ikivunjika, maisha ya nyumba nzima yanabadilika.

Sasa mtamwambiaje? Wewe mkwe, kaa pembeni. Hilo si lako kulianzisha. Mtoto ndiye aseme, tena wakiwa wawili, si mbele ya wageni na si wakati chupa iko mezani. Usianze na "Baba acha pombe." Anza na "Baba, unatumia dawa gani siku hizi? Daktari alisemaje kuhusu kinywaji?" Kama hajawahi kuuliza, mpelekeni Hospitali ya Mtakatifu Fransisko hapohapo mjini, na vidonge vyake vyote mfukoni.

Daktari akiruhusu, mtengenezeeni kokteli. Glasi ndefu, barafu tele, toti moja iliyopimwa, nusu ndimu, kijiko kidogo cha asali, kipande cha tangawizi kilichopondwa, kisha jaza soda ya maji. Hiyo ni ndugu wa ile "dawa" inayouzwa kwenye mahoteli. Kama ana sukari, toa asali. Anywe akiwa ameshakula wali na samaki wake, taratibu, na maji pembeni. Glasi ya pili iwe hivyohivyo, bila Konyagi. Anaendelea kukaa na wenzake, hakuna anayemuuliza kitu. Heshima yake iko palepale.

Tahadhari mbili. Gongo isiingie kabisa kwenye mpango huu: ni haramu kisheria, na hakuna anayejua nguvu yake wala kilichomo. Pili, kama mzee akikosa kinywaji asubuhi anatetemeka na kutoka jasho, msimkatishe ghafla nyumbani. Anaweza kupata degedege. Huyo anahitaji hospitali, si mahubiri.

Na sisi je? Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na hatari kwa afya. Kiasi, basi, maana yake ni kupunguza hatari, si kuifuta. Wewe na mwenza wako mnaomaliza chupa kila Ijumaa, mazoea ya uzeeni mnayajenga sasa hivi. Nunueni kipimo cha toti, ni kitu kidogo sana. Wekeni siku ambazo hamnywi, na mwenye kuahidi ashikiliwe ahadi yake.

Ile chupa kubwa kwenye buti, usimkabidhi mzee ukaondoka. Ikae kwa mama, itoke mkiwa wote. Alichokuwa anakingoja baba pale barazani tangu mwaka jana ni nyinyi.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.