Marekani Haikuburutwa Kuingia Duniani

Filamu, na hata baadhi ya walimu wetu wa historia, wametuaminisha kwamba Marekani ilikuwa imejikalia kwake, haina haja na mambo ya watu, mpaka Wajapani walipoishambulia Pearl Harbor tarehe 7 Desemba 1941. Eti hapo ndipo ilipolazimika kutoka, ikawa dola kubwa bila kupenda. Ni uongo, na una madhara: vita vyake vyote huonekana ni vya kujilinda.

Pearl Harbor yenyewe iko wapi? Iko Hawaii, katikati ya Pasifiki, karibu kilomita 4,000 kutoka California. Hawaii ilikuwa ufalme huru, wenye mikataba na Uingereza na Ufaransa. Mwaka 1893 kundi la matajiri wenye asili ya Marekani, wenye mashamba ya miwa wakiwamo, lilimpindua Malkia Liliuokalani huku askari wa manowari ya Marekani wakiwa wameshushwa Honolulu kuwatia nguvu. Mwaka 1898 visiwa vikatwaliwa. Bandari iliyoshambuliwa ilikuwa ya kuporwa.

Mwaka huohuo Hispania ilishindwa vitani na Marekani, ikaiachia Puerto Rico, Guam na Ufilipino. Wafilipino walikuwa wamekwisha kujitangazia uhuru. Walipokataa kubadilishiwa bwana, wakapigwa vita ambavyo, pamoja na njaa na maradhi, vinakadiriwa kuua raia 200,000. Mexico nayo ilikuwa imenyang'anywa takriban nusu ya ardhi yake tangu 1848.

Biashara ilitangulia mbali zaidi, hadi kwetu. Mwaka 1833 mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, alitia saini mkataba na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, huko Maskati, na kufikia 1837 Marekani ilikuwa na konseli Unguja, kabla ya Waingereza. Wafanyabiashara wa mji wa Salem huko Marekani walichukua pembe za ndovu na sandarusi, wakaleta merikani, kitambaa ambacho misafara ilikipeleka hadi Tabora na Ujiji. Nchi iliyojifungia ndani haiweki konseli Unguja.

Watetezi wa simulizi hiyo hukimbilia Shirikisho la Mataifa, ambalo Seneti ya Marekani ilikataa kujiunga nalo mwaka 1920. Kweli ilikataa. Lakini siku ya kura hiyo wanajeshi wa Marekani walikuwa wakiikalia Haiti, walikoingia 1915, na hawakuondoka hadi 1934.