Baba Alipojifunga Kitenge



Juzi tulipotoka kwenye jumuiya, mama mmoja kijana alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mama, mume wangu akitoka kuoga hujifunga khanga yangu, anakaa nayo mpaka saa ya kulala. Je, si dhambi? Nimesoma Kumbukumbu la Torati 22:5." Nilitaka kucheka, lakini uso wake ulikuwa na wasiwasi wa kweli. Nikamwambia nitamjibu kwa kisa cha nyumbani kwangu. Nanyi nawasimulia, kwa ruhusa ya mwenye kisa.

Tunakaa Ruanda, Mbinga, kwenye njia itokayo Kitai kuteremkia Lituhi ziwani. Miaka michache iliyopita baba watoto alipasuliwa ngiri. Alikuwa ameificha muda mrefu kwa aibu. (Akina mama, msikubali aibu hiyo. Uvimbe wa kinena ukigoma kurudi ndani, ukauma na kuleta kutapika, ni hatari. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.) Daktari alimwambia asinyanyue kitu kizito kwa wiki sita.

Suruali ikawa adui, maana mkanda uligusa kidonda. Siku ya tatu nilimpa kitenge, akakataa. Siku ya nne alikiomba mwenyewe.

Mume wangu ni mtu wa hatua ndefu. Tukienda kanisani yeye hutangulia, nami humfuata nyuma nikihema. Siku ile hatua ya kwanza kitenge kilimvuta mguu, ya pili kikafunguka. Ikambidi afupishe mwendo. Aliketi kigodani magoti huku na huku kama alivyozoea, mtoto wetu wa mwisho akaangua kicheko. Akayafumba haraka. Kijiko kilipomdondoka hakuinama. Alichuchumaa taratibu, mkono mmoja umeshika pindo. Sisemi yote hayo yalitokana na kitenge. Kidonda nacho kilikuwa na sehemu yake. Lakini kidonda kilipoanza kupona, mwendo ule ulibaki kwa muda wote aliokivaa.

Jioni moja aliniambia, "Mama watoto, nguo hii ina raha. Hewa inapita, tumbo halibanwi." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini kila dakika nawaza kama nimejifunika. Ninyi mnafanyaje kazi huku mnajilinda hivi?" Tumeoana miaka mingi, na hajawahi kuniuliza swali kama hilo.

Kisha mama yangu akaja kutoka milimani na maharage ya kumpa pole. Jamani! Mkwe kumkuta mkwe amejifunga kitenge! Mume wangu alitaka kukimbilia chumbani, lakini kukimbia hakuwezi. Mama aliinamisha macho kwa heshima, akasema, "Kaa, baba. Nguo ni kusitiri, nawe umesitirika."

Nimeyafikiri sana maneno yale. Suruali tunayoiita nguo ya kiume ni mgeni kwetu. Wazee wetu waliopigana vita vya Maji Maji mwaka 1905 hadi 1907 hawakuwa na suruali, na hakuna aliyetilia shaka uanaume wao. Hata ngoma ya mganda tunayoipenda huku ziwani ilitokana na gwaride la askari wa KAR wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Watazameni wachezaji wake wanavyonyoosha migongo na kupiga hatua za pamoja. Walichukua mavazi ya askari, na mwendo wa askari ukafuata. Mwaka 1967 na 1968 serikali yetu iliwataka Wamasai waache lubega wavae suruali, ati ndiyo maendeleo. Hadi leo lubega ipo, na Mmasai anatembea nayo kwa fahari. Nguo hufundisha mwili namna ya kwenda, lakini uanaume haukai kwenye mshono.

Sasa nifike kwenye jambo lililonigusa zaidi. Kila mwaka tunapanda milimani kwa wazazi wangu kulima ngoro. Mnaijua kazi hiyo. Wanaume hufyeka nyasi na kuzipanga miraba. Sisi wanawake huchimba udongo wa katikati na kuzifukia, kwenye mteremko mkali, khanga kiunoni na pengine mtoto mgongoni. Mwaka uliotangulia ugonjwa, binti yetu wa kidato cha pili alikuja shambani na suruali ya michezo. Baba yake alimfukuza mbele ya watu akabadili. Akarudi na kitenge huku analia, akateleza, akaumia goti. Mimi nami nilinyamaza. Jambo hilo liliniuma kuliko goti lenyewe.

Msimu uliofuata upasuaji, asubuhi ya kwenda shambani, baba alimwita. Binti akaja ameinamisha kichwa. Akamwambia, "Mwanangu, vaa suruali yako ndani, khanga jifunge juu. Kule kunateleza." Hakusema zaidi. Hakuomba msamaha kwa maneno, na binti hakuudai. Lakini siku ile alichimba huku akiimba.

Namjibu basi yule mama kijana. Andiko lile linakataza mtu kujigeuza aonekane asivyo. Baba aliyejifunga khanga nyumbani kwake apate kupumzika hajajigeuza. Bwana wetu mwenyewe alivaa kanzu, isiyo na mshono (Yohana 19:23). Eliya alipotaka kukimbia ilimpasa kwanza akaze viuno (1 Wafalme 18:46), maana nguo ndefu haziruhusu mbio. Na Yesu alipotaka kuwaosha wanafunzi miguu, aliweka mavazi yake kando, akajifunga kitambaa kiunoni (Yohana 13:4). Alijifunga ili ainame na kutumika.

Msidhani mume wangu amekuwa malaika. Kidonda kilipopona suruali ilirudi, na hatua ndefu zikarudi nayo. Lakini tukifika kwenye mteremko husimama, hugeuka nyuma, akaningoja. Zamani hakungoja.

Basi, wapenzi, waume zetu wakijifunga khanga zetu jioni tusiwacheke mbele ya watoto. Tuwaulize kwa upole wanajisikiaje. Huenda hapo tukapata nafasi ya kuwaeleza mzigo wetu, nao wakasikia. Nanyi mama wa mabinti, msinyamaze kama nilivyonyamaza mimi.

Mungu awabariki. Tuonane mwezi ujao.