Meli yashiba, visiwa vyaachiwa makombo

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana yake ni kwamba ujio wa mgeni ni neema kwa nyumba nzima, kwani siku hiyo chungu kikubwa hutelekwa na kila mmoja hupata riziki. Lakini katika bahari ya Karibiani iko biashara iliyoipindua methali hiyo. Mgeni huja na chungu chake, mpishi wake na kitanda chake. Mwenyeji hutakiwa kutoa mandhari tu, tena kwa bei ambayo mgeni ndiye mwenye sauti kubwa katika kuipanga. Biashara hiyo ni ya meli za utalii.

Tuchukue mfano wa meli iitwayo Icon of the Seas, iliyoanza kuchukua abiria kutoka Miami, Marekani, mwezi Januari 2024. Inaweza kubeba abiria 7,600 na wafanyakazi 2,350. Chombo cha namna hiyo ni mji unaoelea, na katika mji huo mna mahali pa kula na kunywa zaidi ya 20. Abiria huamkia meza za kujipakulia, mchana hula tena, na jioni huandaliwa mlo wa hatua kadhaa mezani. Si ajabu basi kwamba abiria anaporejea kwao, jambo la kwanza analolisimulia ni chakula. Sehemu kubwa ya chakula hicho imo ndani ya nauli, na mtu hula ashibe pasipo kugusa mfuko wake.

Karamu hiyo haitokani na ukarimu. Nauli huwekwa chini ili kuwavuta watu, na faida hutafutwa abiria akishapanda. Hapo ndipo zinapoingia pesa za vileo, kamari, migahawa ya kulipia na matembezi ya nchi kavu. Mapato ya aina hiyo, yaliyo nje ya nauli, hufikia takriban theluthi moja ya mapato yote ya makampuni makubwa ya biashara hii. Zaidi ya hayo, abiria aliyekwisha kushiba melini hana sababu ya kununua chakula bandarini. Mama anayekaanga samaki pale Ocho Rios, Jamaika, hashindani na mama mwenzake wa jirani. Anashindana na sahani iliyokwisha kulipiwa.

Na sahani hiyo imejazwa wapi? Kwa sehemu kubwa imejazwa Florida, ambako nyama, mboga, mayai na matunda hupakiwa kabla meli haijang'oa nanga. Makampuni yana hoja zake: watu elfu kumi wanahitaji shehena kubwa, inayofika kwa wakati na iliyokaguliwa usafi wake. Hoja hizo zina uzito. Lakini mkulima wa St. Lucia au Dominica ana historia yake pia. Kwa miaka mingi aliishi kwa kuuza ndizi Uingereza kwa masharti nafuu. Mwaka 1997 Shirika la Biashara Duniani likaamua kwamba utaratibu wa Ulaya wa kuzipendelea ndizi hizo ulikiuka kanuni, baada ya Marekani na nchi kadhaa za Amerika ya Kusini na Kati kulalamika. Wakulima wengi wakaacha mashamba, na visiwa vikauegemea utalii zaidi. Leo mkulima huyo hutazama meli ikitia nanga mbele ya kilima chake, imejaa matunda ambayo hakuyalima yeye.

Tuyaangalie sasa matembezi. Meli hukaa bandarini saa chache tu za mchana. Katika muda huo abiria hupanda maporomoko ya Dunn's River huko Jamaika, huogelea na taa katika maji ya Grand Cayman, au huvuka kutoka kisiwa cha Cozumel kwenda kuyaona magofu ya Wamaya huko Tulum. Ni mambo mazuri, na wengi huyakumbuka maisha yao yote. Lakini tiketi za safari hizo huuzwa ndani ya meli, na kampuni hukata sehemu nono kabla mwenye basi na kiongozi wa wageni hawajapata chao. Abiria hukumbushwa kwamba aliyenunua ziara ya meli atasubiriwa akichelewa, na aliyekwenda na dereva wa mtaani huenda akaachwa. Hofu hiyo peke yake inatosha kumnyima dereva wa Falmouth au Castries mteja wake.

Hatua ya mwisho ya mwenendo huu ni kampuni kujitwalia pwani yenyewe. Katika Bahamas, kisiwa cha Little Stirrup Cay kimepewa jina la biashara la CocoCay. Abiria hushuka pale akala chakula cha kampuni ile ile na kulipia michezo ya maji ya kampuni ile ile; ametembea nchi kavu, lakini pesa yake haikushuka naye. Huko Haiti, ufuko wa Labadee umekodishwa kwa kampuni ya Royal Caribbean tangu mwaka 1986, na umezungushiwa uzio. Tarehe 15 Januari 2010, siku tatu tu baada ya tetemeko lililoubomoa mji mkuu wa nchi hiyo, meli ilitia nanga hapo na abiria wakaota jua. Kweli, meli hizo zilileta na shehena za msaada, na wachuuzi wa Labadee walihitaji siku yao ya kazi. Lakini Machi 2024, machafuko yalipozidi, kampuni ilisimamisha ziara. Meli ilibadili njia. Mchuuzi hakuwa na njia ya kubadili.

Isidhaniwe kwamba adui ni abiria. Wengi wao ni wafanyakazi na wastaafu, walimu miongoni mwao, waliodunduliza kwa likizo ya juma moja. Wala adui si mpishi kutoka Ufilipino, India au Indonesia, anayefanya kazi siku saba kwa juma kwa miezi mingi mfululizo. Kasoro imo katika mpango ambamo kampuni yenye makao Miami huandikishwa Liberia au Panama, meli yake hupeperusha bendera ya Bahamas, na kila kisiwa hukabiliana nayo peke yake.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Katika miaka ya 1990 nchi za CARICOM, jumuiya iliyoundwa mwaka 1973, zilitaka kila bandari itoze angalau dola 10 kwa abiria. Makampuni yalitishia kuzihamisha meli, visiwa vikaogopana, na mshikamano ukavunjika. Meksiko, nchi kubwa mara nyingi zaidi, ilipitisha kodi ya dola 42 mwaka 2024. Baada ya mazungumzo, ikaanza kutoza dola 5 Julai 2025, kwa ahadi ya kupanda hadi 21 mwaka 2028. Ikiwa Meksiko imelazimika kupunguza, Antigua peke yake itafanya nini?

Hapa Dar es Salaam swali hili si geni. Mwaka 1970 mjadala mkali kuhusu utalii na maendeleo ulipamba moto katika kurasa za gazeti la The Standard, na baadaye Issa Shivji akauhariri kuwa kitabu. Swali la wakati ule, yaani nani hufaidika mgeni anapokuja, ndilo linaloikabili Karibiani leo.

Jibu halipatikani kwa kuifukuza meli, kwani dereva na mchuuzi wanaihitaji. Linahitaji kodi moja kwa bandari zote, na ushirika wa wakulima wenye maghala ya baridi na wakaguzi wake wenyewe, ili hoja ya shehena na usafi ikose nguvu. CARICOM ilijiwekea lengo la kupunguza chakula kinachoagizwa kutoka nje kwa asilimia 25 ifikapo 2025, kisha ikalisogeza hadi 2030. Lengo hilo lingepata soko la uhakika laiti sehemu tu ya sahani za melini ingejazwa visiwani. Mgeni na aje, ale na afurahi. Lakini chungu kitelekwe kwa mwenyeji.