Nywele za Binti na Maji ya Bidoni

Leo twataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo, maana ni habari ya nywele. Lakini msiufunue ukurasa huu upesi. Katika nyumba moja ya Bwegera habari ilianza na nywele, ikaishia kitandani pa mgonjwa.

Miaka michache iliyopita, binti mmoja wa huko, mwanafunzi wa sekondari, alikwenda likizo kwa shangazi yake Bujumbura, ng'ambo ya mto Ruzizi. Binamu zake wakampeleka karibu kila siku kwenye bwawa la kuogelea, lile la kujengwa kwa saruji. Akafurahi mno. Lakini aliporudi nyumbani baada ya mwezi, nywele zake zilikuwa kavu kama majani ya kiangazi, tena zilikatika alipozichana. Bibi yake akamwuliza: "Mjukuu wangu, wamekupaka nini?" Binti akajibu kwamba ni klorini, dawa inayotiwa katika maji ya bwawa.

Hapo bibi akaitazama chupa ndogo iliyokuwa juu ya kabati, dawa waliyopewa ya kutia katika bidoni za maji ya kunywa. "Kumbe klorini ndiyo hii! Kama yakata nywele, matumbo yetu je?" Tangu siku ile chupa haikufunguliwa tena. Majuma matatu hayakupita, kitinda mimba wa nyumba akashikwa na kipindupindu. Alikimbizwa kituo cha afya, akanyweshwa dawa ya chumvi na sukari, akapona. Si wote wanaobahatika hivyo.

Basi tusimcheke bibi. Swali lake lilikuwa la haki, nasi yatupasa kulijibu.

Klorini iligunduliwa mwaka 1774 na mtaalamu wa Uswidi, Carl Wilhelm Scheele. Kabla karne ile haijaisha, Mfaransa Claude Louis Berthollet aliitumia kung'arisha vitambaa. Kazi hiyo ilifanyika Javel, karibu na Paris, na ndiko lilikotoka jina la maji ya Javel tunayofulia nguo nyeupe. Nguvu ya klorini ni kuvila vitu inavyokutana navyo majini. Ikikutana na kijidudu cha kipindupindu, hukiua. Ikikutana na unywele, huutafuna pia, ingawa polepole.

Unywele umefunikwa kwa magamba madogo yaliyopangwa kama vigae vya nyumba, na juu yake hupita mafuta yatokayo katika ngozi ya kichwa. Klorini huyaondoa mafuta hayo, huyainua magamba, kisha huudhoofisha unywele kwa ndani. Nywele zetu zilizojikunja huumia zaidi, kwa sababu mafuta ya kichwani hayafiki ncha zake kwa urahisi, na kila pindo ni mahali pa kukatikia. Zile zilizonyoshwa kwa dawa zimekwisha dhoofika tangu mwanzo, kwa hiyo huharibika upesi kupita zote.

Sasa tumbo je? Lita moja ya maji ya bwawa huwa na miligramu 1 mpaka 3 hivi za klorini. Maji ya kunywa yaliyotiwa dawa vizuri hubakiwa na miligramu 0.2 mpaka 0.5 tu. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 5 kwa lita katika maji ya kunywa. Tena, unywele ni kitu kisicho na uhai, hauwezi kujitengeneza. Nao uliloweshwa saa nzima, siku baada ya siku. Lakini klorini kidogo iliyomo katika kikombe cha maji humalizwa upesi na mate na chakula. Aliyekunywa hakuloweka tumbo lake bwawani.

Ya kuogopwa ni klorini kali, ile ya kusafishia sakafu za hospitali. Hiyo hufika miligramu 5,000 kwa lita, yaani mara 10,000 kuliko ile ya kikombe cha maji. Maji ya Javel ya chupani ni makali kuliko hata hayo. Yasiguse kichwa cha mtu kamwe, wala yasiwekwe mahali wanapofika watoto.

Na binti anayependa kuogelea afanyeje? Wahenga walisema: mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Hapa neno lao lafaa kama lilivyo. Kabla ya kuingia bwawani, aziloweshe nywele kwa maji safi yasiyo na dawa. Unywele ulioshiba maji safi haunywi sana maji ya bwawa. Kisha ajipake mafuta kidogo, ya nazi au yale meupe ya kokwa za michikichi. Mawese mekundu yatachafua maji na nguo. Asuke nywele zake, avae na kofia ya mpira. Atokapo, asingoje kufika nyumbani: azisuuze papo hapo. Halafu azioshe kwa sabuni isiyo kali, azipake mafuta zingali na unyevu, azichane kwa kitana chenye meno mapana. Aliyenyosha nywele kwa dawa akae majuma mawili hivi kabla ya kuogelea.

Tena, kila mtu aoge kabla ya kuingia bwawani. Ile harufu kali tunayoiita ya klorini hutokea hasa klorini inapochanganyika na jasho na mkojo wa waogeleaji.

Nanyi wazazi, msiiache chupa ya dawa ya maji. Maji yakiwa na tope, kama yalivyo mara nyingi ya mto na ya mifereji ya mashamba ya mpunga, yachujeni kwanza kwa kitambaa safi. Tieni dawa kwa kipimo kilichoandikwa, wala msizidishe. Ngojeni dakika 30. Harufu ikiwachukiza watoto, mimineni maji mara mbili tatu kutoka chombo safi hadi chombo safi, nayo itapungua.

Maziwa yetu na kipindupindu wamejuana siku nyingi. Goma mwaka 1994 kiliwaua wakimbizi kwa maelfu katika majuma machache. Uvira, Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika uliharibu nyumba na mitambo ya maji, na watu wengi wakarudia maji ya ziwa na ya mito. Siku kama hizo chupa ile ndogo ni mlinzi wa nyumba.

Twasikia kwamba bibi wa Bwegera ndiye sasa apimaye dawa ya bidoni kila asubuhi, na mjukuu wake amekata ncha zilizoharibika. Nywele zilizokatika huota tena. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Basi mama asiogope mtoto akikunja uso kwa harufu ya maji, ampe kikombe anywe.