Uta: Mti au Alumini?

Hapa Kithyoko wapo washikiliao kwamba upinde wenye mshikio wa alumini umeupa kisogo urithi wa Mkamba. Sikubaliani nao. Neno lenyewe, upinde, latokana na kupinda. Na katika pinde za vipande vitatu, mshikio ndicho kipande kisichopinda. Mabawa ndiyo yapindayo. Isitoshe, wazee wetu walichonga uta wa mti, wakautia mshale kigumba cha chuma. Mshikio wa mti ni mwepesi kwa atembeaye porini. Alumini ni nzito, hutuliza mkono, wala unyevu hauipotoi. Lakini uwindaji Kenya ulipigwa marufuku mwaka 1977. Mwanafunzi hulenga shabaha. Walimu, mwacheni ashike alumini, ila mfundisheni kuuita uta.